AANGUKAYE PAANI: KADARI AU UZEMBE?

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika miji ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, hapana mtu asiyekaa chini ya paa, wala hapana paa lililojiezeka lenyewe. Kila kuti na kila bati lilipandishwa na mkono wa mtu aliyesimama mahali ambapo mwenye nyumba mwenyewe hathubutu kusimama. Mtu huyo akimaliza kazi yake salama, hulipwa akasahauliwa. Akianguka, watu hukusanyika wakasema: "Ndiyo kadari yake," au "Ajali haina kinga." Kisha hutolewa sanda, akazikwa; au huchukuliwa hospitali, akarudi na uti wa mgongo uliovunjika, akawa mtu wa kulishwa na mama yake. Wala hapana aulizaye ngazi ilikuwaje.

Masala yenyewe ni haya: Je, neno hilo la kadari, ambalo ni neno la haki, husemwa mahali pake? Au hufanywa pazia la kufunikia makosa ya watu?

MAANA YA NENO AJALI

Yafaa kuanza na methali yenyewe, kwa kuwa wengi huitegemea kama aya. Neno "ajali" limetoka katika Kiarabu, na maana yake huko ni muda uliowekwa, yaani kikomo cha umri wa mtu. Kwa maana hiyo methali ni kweli tupu: kikomo cha umri kikifika, hapana ngome wala mganga wa kukizuia. Lakini katika Kiswahili neno hilo limehama, likawa na maana ya kila jambo baya litokealo kwa ghafula: gari kupinduka, chombo kuzama, mtu kuporomoka juu ya paa. Hivyo watu wameshika methali iliyosemwa kwa maana ya kwanza, wakaitumia kwa maana ya pili. Mauti hayana kinga. Lakini kidato cha ngazi kilicholegea kina kinga, nayo ni msumari na nyundo. Na wazee hao hao waliosema ya kwanza ndio waliosema pia: Tahadhari kabla ya hatari. Hawakuwa wajinga wa kujipinga. Kila neno walilipa mahali pake.

MFANO

Kama ilivyo desturi ya vitabu vya fiqhi kupiga mifano kwa Zaidi na Amri, na upigwe mfano hapa. Zaidi ana nyumba ya kale, na ataka iezekwe upya kwa mabati kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Amepatana na Amri, fundi, kwa malipo ya kazi nzima. Basi kila siku ipunguayo ni faida ya Amri, na kila chombo anunuacho ni khasara yake. Amri naye amemchukua Bakari, kijana mwanagenzi, kwa ujira wa kutwa.

Papi za paa upande wa kibla zimeliwa na mchwa. Zaidi ajua, maana amekaa humo miaka mingi. Lakini hakusema, akichelea bei isije ikapanda. Ngazi ni miti miwili iliyopigiliwa vipande vya mbao, na kidato kimoja kimelegea. Amri ajua, lakini ameazimia kukitengeneza kesho. Umande haujakauka juu ya bati, na ndara za Bakari zimelika nyayo. Bakari ajua, lakini achelea wenziwe wasimcheke. Asubuhi hiyo Bakari akateleza, akakanyaga papi iliyooza, ikakatika, akaanguka chini.

Zaidi asema: Kadari. Amri asema: Kadari. Na mama yake Bakari, aliye na haki ya kuuliza kuliko wote, naye asema: Kadari, kwa kuwa ndilo neno la subira alilofundishwa tangu utotoni. Watu watatu wametamka neno moja kwa maana tatu. Kwa mama neno hilo ni imani. Kwa Amri ni udhuru. Kwa Zaidi ni kufunga daftari.

KADARI HAIONDOI SWALI

Hapana Muislamu akanushaye kadari. Katika Sura ya Hadid, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amefundisha kuwa misiba yote imekwisha andikwa kabla haijatokea. Lakini Mungu huyo huyo, katika Sura ya Shura, aya ya 30, amefundisha kuwa misiba iwapatayo watu yatokana na yale waliyoyatenda wenyewe kwa mikono yao. Aya mbili hizi hazipigani. Ya kwanza yamfundisha mtu namna ya kuupokea msiba uliokwisha kushuka, asikate tamaa wala asikufuru. Ya pili yamfundisha kuichungua mikono yake. Mwenye kuishika ile ya kwanza ili aikimbie ya pili, ameshika nusu ya Kitabu na kuiacha nusu.

Na khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab yajulikana. Yapata mwaka wa 18 wa Hijra (639) alikuwa safarini kwenda Shamu, akapata khabari kuwa tauni imeingia huko. Akafanya shauri na masahaba, akaazimu kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana hii: kuwa anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bondeni penye pande mbili, moja ina majani na moja ni kavu, kuwa popote atakapochunga, atachunga kwa kadari ya Mungu. Lakini hapana mwenye akili atakayemsifu mchunga aliyeipita ile yenye majani.

Basi ngazi iliyo nzima ni kadari, na ngazi iliyooza ni kadari. Amri aliwekwa baina ya mbili hizo, akachagua. Ataulizwa khabari ya kuchagua kwake, wala hataulizwa kilichoandikwa Lauhi Mahfudhi, ambacho hakukiona wala hakuagizwa kukisoma.

TAWAKKULI NA KAMBA

Watu husema: "Mtegemee Mungu, panda." Ni kweli kuwa kumtegemea Mungu ni wajibu, lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, au amfunge na kutegemea, alimwamrisha amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hiyo imo katika Tirmidhi. Na siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine. Je, yuko fundi wa kuezeka aliye na tawakkuli kubwa kuliko yake? Na katika Sura ya Nisaa, aya ya 102, Waislamu wanaosali mbele ya adui wameamrishwa wasiziweke mbali silaha zao na washike tahadhari, nao wamo ndani ya sala. Ikiwa tahadhari haikuondoka hata katika sala, itaondokaje juu ya paa?

Tena iko Hadithi iliyopokewa na Abu Daud ambayo yahusu mapaa yenyewe. Mtume (S.A.W.) amemkaripia mtu alalaye usiku juu ya paa lisilo na kizuizi, akaeleza kuwa dhima imemwondokea, yaani amejitia khatarini kwa nafsi yake. Na kwa maana hiyo wazee wa miji ya mawe walizizungushia sakafu zao ukingo. Basi itazamwe: yule aliyelala hakuchukua mzigo, wala hatembei, naye yu juu ya sakafu iliyo sawa, juu ya hayo amekaripiwa. Huyu wa pili yu juu ya bati lenye mteremko, mikono yake imeshika nyundo na misumari, na jua lampiga utosini. Kwa kila kipimo cha kiasi, huyu astahili ukingo zaidi.

HOJA YA MWENYE NYUMBA

Yawezekana Zaidi akaleta hoja, nayo ni hoja yenye nguvu, haifai kupuuzwa. Atasema: "Imo katika Bukhari na Muslim Hadithi ifundishayo kuwa aliyekufa katika machimbo au kisimani hapana fidia. Na Imam Nawawi ameeleza kuwa mtu akiajiri watu wachimbe katika milki yake, wakaangukiwa wakafa, hapana dhamana juu yake. Basi kisima na paa vina tafauti gani?"

Jawabu lake ni katika mambo matatu. La kwanza: Imam Nawawi huyo huyo ameeleza kuwa mtu akichimba kisima katika njia ya Waislamu pasipo ruhusa, akapotea mtu kwa sababu yake, dhamana ni juu ya akila ya mchimbaji. Hivyo kusamehewa si zawadi aliyopewa kila mwenye milki. Ni haki ya yule asiyedhulumu wala kuvuka mpaka.

La pili: Zaidi alijua kuwa papi zimeoza, akanyamaza. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta maji chini, alimkana mwenye kughushi. Mnunuzi wa nafaka ile angalipoteza dirhamu chache. Bakari alifichwa uovu wa mti ambao alikuwa hana budi kuukanyaga. Ikiwa kuficha maji katika nafaka ni ghishi, kuficha mchwa katika paa kutaitwaje?

La tatu: kuondoka dhamana si kuondoka dhambi. Kadhi huhukumu kwa kilichothubutu mbele yake kwa mashahidi; na kama dia yampasa Zaidi au haimpasi, hilo ni la kadhi. Lakini moyo wa Zaidi hauna haja ya shahidi. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 92, hata mwenye kuua kwa kukosea, asiyekusudia kabisa, amewekewa dia na kafara. Mtu hawezi kuisoma aya hiyo kisha akasema kuwa neno "sikukusudia" latosha kusafisha kila kitu.

Na juu ya hayo iko sheria ya nchi. Kenya ilitunga mwaka wa 2007 sheria ya usalama na afya kazini, na mwaka huo huo sheria ya fidia kwa walioumia kazini, inayomlazimu mwajiri kuwakatia watu wake bima. Tanzania Bara ilitunga sheria ya usalama kazini mwaka wa 2003, na ya fidia kwa wafanyakazi mwaka wa 2008, na mfuko wake unaochangiwa na waajiri ukaanza kazi mwaka wa 2015. Mwenye kuajiri watu chini ya sheria hizo, kisha akaificha ajali au akampatanisha aliyevunjika mgongo kwa fedha kidogo ili asiandikwe, amekula haki ya mtu. Na haki hiyo itamngojea.

SADAKA SI BADALA YA DENI

Hapa pana mtego unaowanasa hata watu wema. Bakari amezikwa. Zaidi amepeleka gunia la mchele, na nguo nyeupe, na bahasha ya fedha. Akaketi matangani siku tatu. Watu wakamsifu kwa ukarimu. Mama akapokea kwa machozi na dua nyingi.

Lakini mtu akiwa na deni la shilingi mia, akampa mdai wake shilingi kumi na kuziita sadaka, huyo hakulipa deni wala hakutoa sadaka. Amenunua sifa kwa mali ya mwingine. Alichokuwa akidaiwa Zaidi kabla ya siku ile kilikuwa kidogo sana: neno moja, "Papi za upande wa kibla zimeoza," na bei ya mbao chache. Neno hilo lingalimgharimu kidogo kuliko sanda. Hivyo ndivyo ilivyo katika mengi ya mauti haya: kinga ni rahisi kuliko mazishi, ila kinga hutolewa na mwenye nyumba peke yake faraghani, na mazishi hutolewa mbele za watu.

Na Amri ana lake. Yeye atasema kuwa akitia gharama ya jukwaa na kamba katika bei yake, kazi itakwenda kwa fundi mwingine asiyetia. Hayo ni kweli, wala si kweli ya kudharauliwa. Basi lawama yarudi tena kwa mwenye nyumba. Mwenye kuchagua bei iliyo ndogo kuliko zote, asiulize kwa nini ni ndogo, amepunguziwa bei hiyo kutoka mwili wa mtu mwingine. Na aulize kabla ya kupatana: jukwaa liko? Kamba iko? Nani atashika ngazi? Fundi mwaminifu atafurahi kuulizwa, maana maswali hayo ndiyo yatakayomtenga na asiye mwaminifu.

YAPASAYO KUFANYWA

Mtu akianguka kutoka kimo cha mita 4, ambacho ni kimo cha nyumba ya chini tu, hufika ardhini kwa muda usiotimia sekunde moja, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 32 kwa saa. Muda huo hautoshi kutamka shahada, wala hautoshi kushika kitu. Kwa hiyo lolote la kumwokoa lazima liwe limekwisha kufanywa kabla.

Kwanza, ngazi. Kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke mita 1 mbali na ukuta. Kichwa chake kipite ukingo wa paa kwa mita 1 hivi, kifungwe juu. Na chini isimame juu ya ardhi ngumu, si juu ya matofali yaliyopangwa. Apandaye aielekee ngazi, mikono yake iwe mitupu. Vyombo vivutwe kwa kamba.

Pili, mti. Kabla ya kukanyagwa paa la kale, kila papi na kila boriti igongwe na kudungwa kwa tindo. Penye mabati, mguu ukanyage mstari wa misumari, ambapo chini yake pana mti. Vigae vya asbesto na mabati ya plastiki yapitishayo mwanga visikanyagwe kamwe, maana huvunjika pasipo kulia. Ulazwe ubao mrefu juu ya miti ndipo mtu apite. Na vumbi la asbesto hudhuru mapafu, basi lisikatwe ovyo.

Tatu, jukwaa na kamba. Jukwaa la boriti lililofungwa barabara, lenye kizuizi upande wa nje, ndilo bora. Pasipowezekana, mtu avae mkanda wa kifuani na mapajani, na kamba yake ifungwe penye mti madhubuti, si penye papi inayong'olewa. Marekani sheria yadai kinga kwa wajenzi tangu kimo cha futi 6. Uingereza ina kanuni za kazi za juu tangu mwaka wa 2005. Watu hao hawakuikana kadari ya Mungu kwa kufunga kamba. Wamemfunga ngamia tu.

Nne, wakati. Bati lenye umande au mvua ni utelezi mtupu. Na upepo wa kusi ukivuma, asipandishwe mtu na bati pana mkononi. Kila baharia ajua nguvu ya upepo juu ya tanga. Na bati ni tanga lisilo na kamba, na mwenye kulishika ndiye mlingoti.

Tano, mwezi wa Ramadhani. Afungaye afanye kazi ya juu baada ya alfajiri, ashuke jua lisijakuwa kali. Na wanavyuoni wa Kishafi wameeleza, katika khabari za wavunaji na mfano wao, kuwa mwenye kazi nzito atie nia usiku na afunge. Kisha ikimpata mashaka makubwa, ana ruhusa kufungua, na siku hiyo ataikidhi. Kizunguzungu juu ya paa si ibada. Mwenye nyumba asiyetaka kungoja mpaka Shawwal, asije akaiita haraka yake kuwa ni ucha Mungu wa fundi.

Sita, baada ya kuanguka. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, wala asiketishwe, wala asipakiwe kwenye gari akiwa amekunjwa. Kichwa na shingo yake vishikwe vitulie, waitwe wauguzi. Na ikiwa hapana budi kumchukua, alazwe juu ya ubao ulionyoka, watu wamwinue pamoja. Uti uliovunjika waweza kuwa haujakata mshipa, na mikono ya wenye huruma ikaukata.

AIBU YA KIJANA

Limebaki la Bakari mwenyewe. Naye ana fungu lake, maana nafsi yake ilikuwa amana, na katika Sura ya Bakara, aya ya 195, watu wamekatazwa kujitupa katika maangamizo kwa mikono yao. Lakini fungu lake ni dogo kuliko mafungu ya wengine, kwa sababu alikuwa mtu wa chini aliyeamrishwa, naye aliogopa jambo ambalo vijana huliogopa kuliko mauti, nalo ni kicheko. Wale wamchekao mwenye kufunga kamba, wakamwita mwoga, hawajui kuwa kicheko hicho ni mkono unaosukuma. Na fundi mkuu akifunga kamba yake wa kwanza kila asubuhi, hapana mwanagenzi atakayeona haya kufunga ya kwake.

HITIMA

Basi jawabu la masala ni hili. Aangukaye paani ameanguka kwa kadari ya Mungu; na neno hilo ni haki ya mama yake Bakari kulisema, apate kutulia, na malipo ya subira yake yako kwa Mola wake. Lakini Zaidi hana haki ya kulisema mpaka kwanza aseme: "Nilijua, nikanyamaza." Amri hana haki ya kulisema mpaka aseme: "Niliona, nikaahirisha." Wakiisha kukiri hayo, na kulipa yawapasayo, na kutengeneza ngazi kwa ajili ya kijana ajaye, ndipo nao waseme: Kadari, na hapo neno litakuwa imani katika vinywa vyao, kama lilivyo katika kinywa cha mama.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika kutafuta riziki ya halali, awape nafuu waliovunjika, na azilainishe nyoyo za wenye nyumba na wenye kazi, waione nafsi ya kibarua kuwa ni nafsi. Amin.

Wabillahi ttaufiq.